Suruali Iliyorudi Tanzania

Mtu anayetaka kwenda Msumbiji kutokea Mtwara ana njia mbili. Ya kwanza ni Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010 pale Mtambaswala. Hiyo ni njia ya wenye magari na wenye subira, kwa kuwa kutoka Mtwara hadi Masasi pekee ni kama kilomita 200, na hapo safari bado mbichi. Ya pili ni Kilambo, jirani na mahali ambapo Mto Ruvuma unaingia baharini, ambako miaka ile tulivuka kwa mitumbwi ya mashine. Nilikuwa nimealikwa arusi Palma, nikachagua Kilambo.

Binamu yangu, ambaye hutoa ushauri hata asipoombwa, alikuwa amenieleza mambo mawili: kwamba maofisa wa mpakani humheshimu mtu aliyevaa koti na tai, na kwamba pasipoti haiwekwi katika koti, kwa sababu wezi huanzia hapo, bali katika mfuko wa nyuma wa suruali wenye kifungo. Nayataja haya mapema ili lawama ijue pa kwenda.

Upande wa Tanzania mambo yalikwenda vizuri. Ofisa alilitazama koti, akaitazama kadi ya homa ya manjano, akagonga muhuri wa kutoka na kunitakia safari njema. Nikaiweka pasipoti mahali pake, nikafunga kifungo, nikashuka mtoni.

Jambo ambalo binamu hakulitaja ni kwamba mto ule hupwa na kujaa pamoja na bahari, na siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yakikimbia kutoka kana kwamba yameitwa. Nahodha aliyaona vizuri kuliko sisi, lakini nauli zilikuwa zimekwisha kuingia mfukoni, kwa hiyo akatangaza kwamba maji yapo, akawasha mashine, na baada ya muda mfupi tukapanda fungu la mchanga katikati ya Ruvuma, tukakaa hapo sisi, magunia yetu na jogoo mmoja aliyekuwa akisafiri ndani ya kikapu. Kwa mujibu wa muhuri sikuwa tena Tanzania, na kwa mujibu wa macho yangu sikuwa bado Msumbiji. Ni jogoo peke yake aliyekuwa hana hati ya kumtia wasiwasi.

"Shukeni, wazee wangu," nahodha akasema. "Chombo kikiwa chepesi kitaelea. Ninyi tembeeni hapa juu ya mchanga, mkifika mwisho kuna maji kidogo tu, mnavuka kwa miguu. Mimi nitazunguka na mizigo."

Nikamwuliza kuhusu mamba. Akajibu kwa upole kwamba mamba wa huku si wengi, viboko ndio wengi, na kwamba wote wawili hawapendi kelele. Tangu hapo nilikohoa bila kukoma.

"Maji kidogo" yakawa ya mapajani. Sasa, mtu mwenye suruali moja ya arusi, iliyopigwa pasi Mtwara asubuhi ileile, afanye nini? Niliivua, nikaikunja kwa kufuata mstari wa pasi, nikaiweka chini ya ubao wa kukalia ambako haitarushiwa maji, nikashuka na koti langu, tai yangu, na bukta ambayo haikukusudiwa kuonwa na watu. Bibi mmoja wa Kimakonde, aliyekuwa akirudi kwake Palma na ambaye nilikuwa nimemwamkia shikamoo tangu asubuhi, alinitazama mara moja tu, akatoa kanga katika furushi lake.

"Jisitiri, mjukuu wangu. Kule tuendako kuna watoto."

Tulivuka salama. Nahodha alizunguka kama alivyoahidi, akashusha magunia, kikapu cha jogoo na begi langu, akapakia abiria waliokuwa wakisubiri kwenda Kilambo, akaondoka kwa haraka, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kujaa na safari hii alitaka kuyawahi. Nilihesabu mizigo, nikaikuta imetimia. Ni pale askari wa mpaka aliponyosha mkono na kusema "Pasipoti, mzee" ndipo nilipoupeleka mkono wangu nyuma, ukakutana na kanga.

Nikageuka kuutazama mto. Suruali yangu ilikuwa katikati, ikirejea nyumbani na hati zake zote.

Huko kaskazini mwa Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, Kiswahili kinasikika sana, na askari yule alikuwa Mmakonde anayekizungumza bila kubabaika, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

"Shefe," nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba askari wa kule huitwa hivyo, "pasipoti ninayo, ila kwa sasa haipo."

Alinizunguka taratibu ili anikague. Alipofika nyuma yangu alisimama, akasoma maandishi ya kanga kwa sauti, ili wenzake waliokaa kivulini nao wasikie: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Walicheka mpaka mmoja akalazimika kushika mti. Lile koti, ambalo binamu aliliamini sana, halikunisaidia kwa lolote. Naamini hata liliongeza ubaya.

Saa za Msumbiji ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, hivyo nchi ile ilikuwa imenizawadia saa nzima, nami niliitumia yote kusimama ufukweni nikiwa na tai shingoni. Hatimaye mtumbwi ulirudi. Mbele yake alisimama kijana wa nahodha akiwa na pondo mkononi, na miguuni mwake, ikiwa imekunjwa hadi magotini, ilikuwa suruali yangu.

"Nguo iliyoachwa chomboni huibwa, mzee," akanieleza kabla sijafungua mdomo. "Nimeivaa iwe salama." Pasipoti ilikuwa ndani ya mfuko, kifungo kimefungwa. Kijana huyo mwaminifu alikuwa ameipeleka hadi kwa ofisa wa Kilambo, ofisa akauona muhuri wake mwenyewe na kuuliza mwenye pasipoti yuko wapi, naye akajibu kwamba yuko ng'ambo hana suruali. Ofisa akasema basi apelekewe vyote viwili.

Tulibadilishana nguo nyuma ya gari, na kwa kuwa kijana hakuwa na kingine cha kuvaa, kanga ikahamia kwake mpaka alipopatiwa gunia tupu. Gari la kwenda Namoto, na kisha Palma, lilikuwa limekwisha jaa, likimsubiri bibi, na bibi alikuwa akiisubiri kanga. Aliipokea, akaikung'uta mchanga, akanyosha kiganja.

"Metikali hamsini."

"Bibi, si uliniazima?"

"Kuazima kulikuwa kule mtoni, mjukuu wangu. Hapa tumeshafika ng'ambo." Kisha akamtazama yule kijana ndani ya gunia lake, akaongeza: "Na mlikuwa wawili. Fanya mia."

Nikalipa mia.