Gari Lilichemsha, Nami Nikachemsha

Naanza kwa kukiri: lile gari nililinunua mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, mchana kweupe. Ni gari-nyumba la mwaka 1985. Lina vitanda vinne, jiko la gesi, choo chenye ukubwa wa kabati, na injini ya dizeli isiyo na tabo (ile pampu ya kuisukumia injini hewa), ambayo hata kwenye tambarare huhema kama mzee anayepanda ngazi. Uzito wake ni tani tatu na nusu, kabla hujamhesabu shemeji.

Siku hiyo tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, shemeji, na mama mkwe, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamtembeza. Yeye alikaa mbele kando yangu, kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Chini ya mlima tulikuta kibao: mwinuko asilimia 12, yaani kila mita 100 unapanda 12, na barabara inapanda hadi mita 2,400.

"Kidogo hiyo," shemeji akasema. "Asilimia 88 iliyobaki ni tambarare."

Mlima hauvamii, unadokoa. Hewa huzidi kuwa nyepesi, na injini kama ile hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 unazopanda. Tulipofika katikati, farasi kadhaa wa injini yangu walikuwa wameshakata tamaa wakarudi nyumbani. Nikaingiza gia ya pili, kisha ya kwanza. Nyuma yetu ukajipanga msururu kama msafara wa harusi, honi zikilia, ila bila vigelegele. Mshale wa joto ukawa unapanda kuliko sisi.

Dawa ya hapo naijua. Hita ya ndani ni rejeta ndogo, na ukiifungulia inaipunguzia injini joto. Basi nikaifungulia mpaka mwisho, feni kwa nguvu zote. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi.

"Mwanangu," mama mkwe akauliza kwa upole, "ni nani anayesikia baridi humu?"

"Hakuna, mama. Ni injini ina joto."

"Ina joto, kwa hiyo unatuwashia moto?"

"Ndiyo, mama."

Hakujibu. Aligeuka nyuma akamtazama binti yake kwa muda mrefu, jasho likimtiririka. Mara ya mwisho nilimwona na macho yale siku nilipokwenda kuposa.

Na bado gari likachemsha. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima hubana mgandamizo, maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Changu mpira wake ulishakwisha, na huko juu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Ile haikuwa rejeta tena, lilikuwa birika. Shemeji akataka kukifungua kwa mkono. Nilimvuta kwa ukosi wa shati, nikampa cheo cha utingo na jiwe la kuzuia gurudumu. Tukakaa saa nzima tukisubiri ipoe, mama mkwe akijipepea kwa kitabu cha maelekezo ya gari. Angalau siku hiyo kilipata kazi.

Hatimaye tukafika kileleni. Hapo ndipo nilipochemsha mimi.

Gia unayopandia ndiyo unayoshukia, ili injini isaidie kulizuia gari. Hilo nalijua vizuri. Lakini niliionea injini huruma, nikaona acha ipumzike, nikashuka na gia ya tatu huku nimekanyaga breki. Baada ya kona nne ikaja harufu.

"Nani anaunguza?" mama mkwe akauliza. Shemeji akainuka kukagua jiko.

Kona ya tano pedali ikazama kama mguu kwenye tope. Mafuta ya breki hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka. Yakipata joto kali yanachemka, na wewe unabaki unakanyaga mapovu. Yangu niliyarithi pamoja na gari, na nadhani aliyeniuzia naye aliyarithi. Nikapampu pedali, nikalazimisha gia ya pili, injini ikapiga yowe, nikavuta hendibreki na kuliingiza gari kwenye uwazi kando ya kona. Makabati yote yakafunguka kwa pamoja. Masufuria yakaruka, na shemeji, aliyekuwa bado amesimama jikoni, akayapokea yote kwa kifua. Mke wangu alikuwa amefumba macho. Alidai anasali, ila nilisikia akitaja jina langu.

Kimya. Mfuniko mmoja ukaendelea kuzunguka sakafuni.

Shemeji akaruka nje na jiwe lake, akarudi mbio kuchukua ndoo ya maji amwagie magurudumu. Nikampigia kelele: chuma cha moto ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka.

Mama mkwe akachukua mkoba wake. "Mimi natembea."

Tulimbembeleza wote watatu. Hakusikia.

Breki zilipopoa na pedali kurudi juu, tukaanza kushuka kwa gia ya kwanza, tukitambaa na kusimama kila baada ya kona. Barabara ilikwenda zigizaga, lakini palikuwa na kinjia cha miguu kilichokata moja kwa moja hadi bondeni. Kona ya kwanza tukamkuta kasimama, mkoba begani, akatupungia tupite kama trafiki. Kona ya pili, yupo. Ya tatu, yupo, tena anakula chungwa.

Kule chini tulimkuta ameketi juu ya jiwe, viatu amevua, jasho limeshamkauka.

"Hita mmeshazima?" akauliza.