Betri ya sola ya kujitengenezea: seli 490 za laptop au nne za LFP?

Tuseme nyumba inahitaji betri ya uniti tatu na nusu, yaani wati-saa 3500: taa, televisheni na friji ndogo usiku kucha. Seli ya 18650, ile inayofanana na betri ya tochi na kutolewa ndani ya betri za laptop kuukuu, huwa imebakiwa na kama Ah 2 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa) kwa volti 3.6, yaani wati-saa 7.2. Zitahitajika 490. Kwa LFP, lithiamu ya chuma na fosfeti, seli nne za Ah 280 zinatosha. Uzito ni uleule, kilo 22 hivi kila upande.

Wengi hukosea kwenye volti. LFP nne zilizofuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, hutoa volti 12.8 na hujaa kwenye 14.6, kwa hiyo inveta iliyozoea betri ya asidi haioni tofauti. Seli za laptop haziingii hapo. Tatu zikijaa ni 12.6 tu, na kontrola ya chaji ya sola iliyosetiwa kwa asidi itazisukuma hadi 14.4, sawa na 4.8 kwa seli ambayo kikomo chake ni 4.2. Hapo unatafuta moto. Nne hufika 16.8, na inveta nyingi za volti 12 hugoma kabla ya hapo. Anayezitaka kweli ahamie volti 24: makundi 7 yaliyofuatana, kila kundi seli 70 sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Zikijaa ni 29.4, zikiisha ni 21, na vifaa vingi vya volti 24 huvumilia.

Halafu kuna kupima, kazi ambayo wanaosifia urahisi wa bei huiruka. Kila seli ijazwe hadi 4.2 na kuachwa wiki mbili. Iliyoshuka chini ya 4.1 inavuja chaji ndani kwa ndani, itupwe. Inayopata joto wakati wa kuchaji nayo itupwe bila huruma. Zilizosalia zishushwe kwa ampea 0.5 hadi volti 2.8 ili Ah zake zijulikane, kisha zigawanywe makundi yawe na Ah zinazolingana. Kwa chaja ya nafasi nne mzunguko mmoja unakula saa kumi hivi. Ukipima mara mbili kwa siku, ni miezi miwili, na hapo hujahesabu zilizokataliwa.

Hata hivyo seli hizi zina jambo ambalo LFP haina. Moja ikifa kati ya 70, kundi linapungua kidogo tu na taa zinaendelea kuwaka. Sharti kila seli iwe na waya wake mwembamba wa fyuzi wa ampea 4 au 5; bila huo, seli ikipiga shoti, wenzake 69 humwaga umeme wote ndani yake. Kwa LFP nne, moja ikidhoofika betri nzima inasimama, na kupata pacha wake wa umri na Ah zilezile ni kazi.

LFP nayo ina mitego. Volti yake hukaa 3.2 hadi 3.3 karibu safari nzima, hivyo multimita haikuambii imebaki nusu au robo. Kwa sababu hiyo seli mpya zisifungwe kwa kufuatana moja kwa moja. Ziunganishwe sambamba kwanza, chaja isetiwe 3.65 kabla ya kuzigusa, na ziachwe hadi ampea zikaribie sifuri, hata kama ni siku kadhaa. Asiyefanya hivyo huona BMS, saketi inayolinda seli, ikikata chaji mapema, kisha anamlaumu muuzaji. Vichwa vya seli ni alumini. Vipigwe msasa mwepesi kabla ya kufunga nati, vinginevyo kiungo kitachemka. Kontrola iwekwe 14.2 juu, inveta ikate kwenye 12, na chaji ya kusawazisha ya betri za asidi izimwe kabisa.

Mzigo wa wati 1000 kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 90. BMS ya ampea 100 hapo inapumua kwa shida, na waya uwe wa milimita za mraba 35. Mwenye uwezo wa kununua nane na kwenda volti 24 anaukata mkondo huo nusu.

Kwa usalama LFP iko mbele waziwazi, kwa kuwa huhitaji joto kubwa zaidi kabla ya kuanza kujiunguza, ingawa ikiharibika bado hutoa gesi inayoshika moto. Betri ya laptop haifai kukaa chini ya kitanda wala karibu na makuti.

Kwa friji, basi, ni LFP. Kwa taa na chaji ya simu, fundi mwenye subira ana haki ya kubaki na 18650, mradi asinunue "mpya" zilizoandikwa mAh 9900, yaani Ah 9.9. Seli halisi ya ukubwa huo haifiki hata nusu ya hapo, na huwa na gramu 45 hivi. Ya bandia mara nyingi mizani huiumbua.