Mtoto wa Kigoma aanze kusoma na Fifi

Ukitaka mtoto wa darasa la kwanza ashike kitabu kwa hamu, mpe cha wanyama walio ndugu. Kaka, dada, mdogo wangu: hayo anayaishi kila siku, hata yule ambaye kwao wanazungumza Kiha, na Kiswahili anakutana nacho zaidi shuleni. Ila wanyama wenyewe wawe wa hapa. Vitabu vya dubu na pengwini nimevifundishia sana, na nusu ya kipindi huishia kwenye kueleza theluji.

Sisi tuna Hifadhi ya Gombe. Boti zinaondokea Kibirizi, na sokwe wa kule wamefuatiliwa familia kwa familia tangu mtafiti Jane Goodall alipofika mwaka 1960. Sokwe jike Flo alikuwa na wanawe Faben na Figan, na binti yake Fifi. Mwaka 1964 akamzaa Flint. Basi Fifi na huyo mdogo wake! Kila mara alitaka kumpokonya kwa mama, ambebe, acheze naye.

Sasa litazame jina lenyewe. Fi-fi. Silabi moja, mara mbili. Mtoto analisoma wiki ya kwanza. Nikashona kijitabu cha manila, kurasa nane, kila ukurasa sentensi fupi: Fifi ana mdogo wake. Fifi anambeba. Mama anamwita Fifi. Flint sikumtaja, maana konsonanti mbili zilizobanana pale mwanzoni zingewakwamisha. Akabaki "mdogo wake" tu, na hapo watoto wakaanza kumpa majina ya wadogo zao wa nyumbani.

Ukurasa wa mwisho niliuacha na mapengo mawili: nani anambeba nani. Msichana mmoja, anayechelewa karibu kila asubuhi na hanyooshi kidole kamwe, aliandika jina lake na la mdogo wake bila kuniuliza herufi hata moja. Kisha akasimama kuwaonyesha wenzake namna ya kufunga kanga ili mtoto asiteleze mgongoni. Toka siku hiyo sijamuuliza tena kwa nini amechelewa. Ndiyo maana maswali ya "Fifi alimbeba nani?" nayaona ni kupoteza kitabu kizuri. Jibu limeshasomwa, muulize yeye anambeba nani.

Kwa darasa la tatu nasimulia habari ya kaka zake Fifi. Mwaka 1966 polio ilimlemaza Faben mkono mmoja, lakini miaka ya 1970 Figan alipowania uongozi wa kundi, Faben ndiye aliyesimama naye hadi akaupata. Watoto walibishana kipindi kizima, wakiandika, wakifuta.

Kijitabu cha pili kitahusu samaki. Kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika wapo samaki wadogo ambao watoto wao wakubwa hawaondoki haraka kwa wazazi: hubaki kulinda mayai na vifaranga, na kuzoa mchanga kwa midomo. Michoro watachora watoto wa wavuvi.