Uhuru wa Daktari Wakati wa Mlipuko: Upanuliwe Wapi, Ubanwe Wapi?

Tangu korona ilipoingia nchini Tanzania Machi 2020, Kanda ya Ziwa imekabiliwa pia na homa ya Marburg mara mbili upande wa Kagera: Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025. Kila mlipuko hurudisha swali lile lile: daktari aachiwe aamue mwenyewe kwa kiasi gani, na afuate mwongozo wa Wizara kwa kiasi gani? Wanataaluma wengi hujibu kwamba uhuru wa daktari ndio msingi wa imani ya mgonjwa. Nakubaliana nao, ila kwa nusu ya jambo.

Katika uchaguzi wa dawa, hoja ya mwongozo mmoja ina nguvu. Chukulia mgonjwa wa Ukerewe ambaye kipimo cha oksijeni cha kidoleni kimesoma asilimia 84. Tabibu wa zahanati anampa rufaa, anavushwa kwa feri kutoka Nansio hadi Mwanza, kisha anapandishwa kilimani hadi hospitali ya rufaa ya Bugando. Kama kila kituo alikopita kilimtibu kwa namna yake, daktari anayempokea anaanza upya, na muda hana. Isitoshe, mwanzoni mwa 2020 madaktari wengi duniani waliandika hidroksiklorokwini kwa matumaini tu. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, ambamo tiba za wagonjwa zilipangwa kwa kura, ulionyesha Juni mwaka huo kwamba dawa hiyo haikuwaokoa waliolazwa, ilhali deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu maelfu ya madaktari walikubali kuweka kando hisia zao.

Kusema ukweli wa ugonjwa, hata hivyo, ni jambo jingine kabisa. Baada ya mwisho wa Aprili 2020 takwimu za korona zilikoma kutolewa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Daktari wa wodini alibaki na picha ya kifua yenye ukungu pande zote mbili, faili linalosomeka "nimonia kali", na ndugu wa mgonjwa anayeuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, ni ule wenyewe?" Akikwepa, ndugu huyo hurudi nyumbani bila kujua kama alale chumba kimoja na mama yake mzee. Chanjo ilipozinduliwa Julai 28, 2021, daktari yule yule ndiye aliyetakiwa kuwashawishi watu. Hapo imani iliyotakiwa ilikuwa imekwisha kutumika.

Serikali nayo ina hofu ya kweli ya kutangaza mlipuko. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Ziwa Victoria kwa sababu ya kipindupindu, na pigo likawafikia wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya minofu waliokuwa wazima wa afya. Anayewajali watu wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hawezi kudharau kumbukumbu hiyo.

Kuhusu ustahimilivu wa madaktari, unaosifiwa sana kila mlipuko unapokwisha, nitasema machache. Katika mlipuko wa Marburg wa Bukoba, kati ya wagonjwa tisa, sita walifariki, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Sifa haizibi pengo la glovu, gauni na likizo.

Kwa hiyo mpaka ningeuweka hivi. Katika tiba isiyothibitishwa, daktari abanwe, na akitoka nje ya mwongozo aandike sababu katika faili. Kutangaza mlipuko kwa umma kubaki kwa Waziri. Lakini daktari anayemweleza mgonjwa na ndugu zake kile alichokiona, na kumtaarifu Mganga Mkuu wa Mkoa siku hiyo hiyo, asihojiwe wala kuhamishwa kwa kosa hilo, na kinga hiyo iandikwe katika kanuni za Baraza la Madaktari, isiachwe kutegemea hisani ya mkuu wake wa kazi.