Jumapili Tuliyokula Bata Uani

Mshahara wangu una tabia za mgeni wa msibani: unafika, unatoa pole, unaaga kabla chai haijachemka. Tarehe 25 ulikuwepo, nimeuona kwa macho yangu. Tarehe 28 ukiniuliza umekwenda wapi nakuonyesha daftari la Mangi wa dukani.

Kwa hiyo Jumapili ile watoto waliponizunguka, watatu, kama sungusungu waliomkamata kibaka, wakidai Coco Beach niliyowaahidi tangu Pasaka, mfukoni nilikuwa na noti moja ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne. Na hiyo ilitakiwa itufikishe Jumatano.

Sikukataa. Baba mzoefu hakatai, anapiga hesabu kwa sauti. Kutoka kwetu Gongo la Mboto hadi Coco ni magari mawili kwenda, mawili kurudi. Desemba 2023 nauli ya chini ilitoka 500 ikawa 600, na safari yetu wala si ya nauli ya chini, lakini tuseme konda kaamka vizuri. Mimi na mama yao tayari 4,800. Kitinda mimba anapakatwa, huyo hana gharama zaidi ya kunitapikia. Wawili wakubwa ni wanafunzi, 200 kila mmoja kila gari, hiyo 1,600. Jumla 6,400. Inabaki 3,600 ya kulisha watu watano ufukweni, sehemu ambayo hata mpira wa tairi wa kuogelea ukiuangalia mara mbili mwenyewe anakuja kudai hela.

Na hiyo mia mbili yenyewe ni mia mbili ya kwenye karatasi. Mwaka jana nilijitia mjanja, nikawavalisha sare za shule Jumapili asubuhi, soksi mpaka magotini. Konda akatuangalia. "Mzee, leo Jumapili. Shule gani hiyo?" Nikamwambia wanakwenda tuisheni. Konda akainama kwa wa kati, kwa upole kabisa, akamuuliza somo gani. Mtoto akajibu kwa sauti ya mbele ya darasa: "Kuogelea!"

Nililipa nauli nzima. Kuna abiria wa siti ya nyuma aliniita mwalimu mkuu mpaka Buguruni.

Sasa wakati naendelea na hesabu zangu, mama watoto akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Huyu mwanamke hesabu hapigi, anatoa hukumu. "Kama Coco haiendeki," akasema, "italetwa." Halafu akawapigia watoto makofi na kupaza sauti: "Leo tunakula bata hapa hapa nyumbani!"

Watoto wakaruka. Mimi nikanyamaza, maana niliona kitu wao hawakukiona. Mzee mwenye nyumba wetu anakaa vyumba vya mbele na redio yake, na anafuga bata saba. Kiswahili chake ni cha zamani, kimenyooka. Kwake kula ni kula, na bata ni bata. Hizi habari za kwamba kula bata ni kustarehe hazijamfikia. Nikamwona anapunguza sauti ya redio. Akainuka na bakora yake, akahesabu bata, mmoja mpaka saba. Akahesabu tena kuanzia nyuma. Kisha akasogeza kiti chake mpaka kwenye kona ambayo anauona mlango wetu, na mkaa, na sufuria.

Mama watoto akachukua elfu tano, akaenda gengeni. Coco bila muhogo wa kukaanga ni maji tu, hilo kila mtu wa Dar anajua. Akarudi na mafungu mawili ya mihogo, mafuta ya kupima ndani ya chupa ya maji, nyanya, vitunguu, pilipili, ndimu na kopo la mkaa. Utaniuliza mkaa wa nini wakati gesi tunayo. Ni kweli, mtungi tunao, wa kilo sita, uko sebuleni umevalishwa kitambaa cha kufuma na juu yake tumeweka maua ya plastiki. Siku hizi ni fanicha.

Muuza mihogo alikuwa ameapa kwamba mihogo ile inayeyuka kama keki. Mmoja uliyeyuka. Iliyobaki tuliichemsha mpaka mkaa ukaanza kutuonea huruma. Kazi yangu ilikuwa kuchomoa ule mzizi wa katikati, na kuna kipande kimoja nilivuta uzi mrefu mpaka nikahisi upande wa pili kuna mtu anavuta. Lakini ilipoingia kwenye mafuta, ikapiga kelele ile, ikaanza kuwa na rangi ya dhahabu pembeni na kupasuka midomo, nakwambia hata mpangaji wa chumba cha tatu, ambaye tangu tugombane habari ya kuchangia luku hatusalimiani, alipita uani mara mbili kutafuta kitu alichokuwa nacho mkononi.

Bahari ilikuwa beseni. Lile la bluu la kufulia, kubwa, lenye ufa ulioyeyushwa kwa kisu cha moto ukazibika. Maji madumu mawili ya mwenye mkokoteni. Na mama watoto akawasomea watoto ratiba ya maji: kwanza yanaogelewa, saa kumi yanafua sare, yakitoka hapo yanadeki, yakichoka kabisa yanakwenda chooni. Mimi najua wafanyakazi wenye majukumu machache kuliko maji yale.

Ufukwe nao tulikuwa nao. Pale uani kuna mchanga wa Mzee, tipa nzima, aliuleta ili ajenge vyumba viwili vya nyongeza. Tangu siku hiyo bei ya saruji inapanda na chungu la mchanga linashuka kwa mvua. Mzee hakusema kitu watoto walipouvuta vuta mpaka kwenye beseni. Macho yake yalikuwa kwenye bata.

Robo saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nilikaa kwenye stuli, kifua wazi, miguu mchangani, muhogo mkononi, kachumbari pembeni. Nikasema kimoyomoyo, wenye hela wanajisumbua nini?

Kitinda mimba akaonja maji ya beseni. Akafikiri. "Baba, bahari hii haina chumvi."

Kwa kweli ningemjibu vizuri, lakini mdomo ulikuwa umejaa muhogo. Wa kati hakusubiri jibu. Yule ni mtoto wa vitendo. Akaingia jikoni akatoka na pakiti ya chumvi, mpya, ya kufungua wiki ile, akaipindua yote ndani ya beseni na kukoroga kwa mwiko wa ugali. Kitinda mimba akaonja tena, akatikisa kichwa kama fundi aliyeridhika.

Mama watoto alipogundua hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua. Alitazama beseni, akatazama sare nyeupe zilizoloweshwa kandoni zikisubiri zamu, kisha akanitazama mimi kana kwamba chumvi ilipatikana upande wa ukoo wangu. Dumu la tatu la maji. Pakiti nyingine ya chumvi. Nikaifungua ile elfu tano iliyobaki na ikawa haikunjiki tena.

Wakati nimekwenda kwa Mangi kufuata chumvi, habari ya bahari yenye chumvi ya kweli ilikuwa imeshazunguka mtaa. Narudi nakuta uani watoto kama kumi na tano, na wote, sitanii, wamevaa sare za shule. Jumapili. Saa nane mchana. Nikadhani nimepotea nyumba.

Wa kati alikuwa amesimama mlangoni na fimbo. "Kiingilio mia," anawaambia. "Mwenye sare hamsini."

Nilitaka kumchapa. Nikakumbuka alifundishwa na nani.

Nikiwa bado natafakari malezi yangu, bata nao wakaiona bahari. Wakashuka foleni, kichwa mbele, mkia nyuma, wote saba, wakaingia beseni bila kulipa. Watoto wakashangilia. Maji yakaruka huku na huku, mchanga ukalowa, kitinda mimba akamkumbatia bata mmoja shingoni kwa mapenzi mengi mno.

Hapo Mzee akainuka. Nilimsikia kwa bakora kabla sijamwona: ko, ko, ko. Watoto kumi na tano wakapiga "Shikamoo babu" kwa mpigo mmoja kama wako paredi.

"Marahaba. Mpangaji," akaniambia mimi, maana mwaka wa sita sasa hajawahi kuniita vingine. "Asubuhi nimesikia kwa masikio yangu kwamba mnakula bata. Nimekaa pale tangu saa nne. Sasa naona mmeanza kuwatia chumvi."

"Mzee, si hivyo..."

"Na mchanga wangu mmeumwagia maji ya chumvi. Huo ni mchanga wa mto, nimeulipia. Mchanga ukiingia chumvi unakula nondo. Nyumba itaanguka, na wewe ndiye utakayekuwa ndani."

Kwa hilo sikuwa na jibu, maana ni kweli tupu, fundi yeyote atakwambia. Nikaanza kukadiria kichwani bei ya tipa la mchanga, nikaigawa kwa mshahara wangu, nikapata miezi.

Mama watoto ndiye aliyeniokoa. Alikuja amepiga goti, sahani mikononi, muhogo wa moto umepasuliwa, kachumbari imekolea ndimu. "Karibu, baba. Bata wenyewe tuliosema ndio huyu. Kula bata maana yake kufurahi tu."

Mzee akaitazama ile sahani kwa muda mrefu. "Huyu ndiye bata?"

"Ndiye, baba."

Akachukua kipande kimoja, akakigeuza, akala. "Hana mifupa," akasema. Akala cha pili. Akaomba pilipili.

Nikampisha stuli yangu. Akakaa, akaegemeza bakora kwenye chungu la mchanga, akavua malapa. Miguu inamsumbua tangu tuhamie pale, hilo tunajua wote kwa jinsi anavyoguna alfajiri. Akatazama huku na huku, akakunja suruali mpaka magotini, akawasukuma bata pembeni kidogo na kuizamisha miguu yote miwili ndani ya bahari yetu. Akafumba macho.

"Jumapili ijayo," akauliza bila kufumbua, "mnafungua saa ngapi?"

Sijafungua mdomo, nikamwona wa kati kashafika na fimbo yake.

"Babu, kama huna sare ni mia."