Nyangumi wako pwani, lakini hoja yao tunaijua Kigoma

Mpwa wangu anasomea sayansi ya bahari, na mwaka jana alikaa miezi kadhaa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, akipiga picha za mapezi ya pomboo. Alipokuja Ujiji likizo tulikaa barazani, akafungua kompyuta yake. Pezi la mgongoni, rangi ya kijivu, ukingo wa nyuma una mikato miwili na mahali paliponyofoka kama sikio la mbuzi aliyetiwa alama. "Huyu ni mmoja tu, mjomba. Pezi hili hana mwingine." Kisha akanionyesha mkia wa nyangumi wa nundu anapozama, upande wa chini mweupe wenye madoa meusi, nao unamtambulisha mwenyewe kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu.

Swali aliloniuliza baada ya hapo ndilo linalonifanya niandike. Picha hizi, na maandishi yanayokwenda nazo, yakae kwa nani? Kuna watafiti na wahifadhi wanaotaka kila kinachoonekana pwani yote kipelekwe kwenye kituo kimoja, kwa fomu moja. Kuna wengine wanaotaka kila kikundi kibaki na chake, wakutane tu pale inapolazimu.

Mimi sijawahi kumwona nyangumi. Nimeandika takwimu za samaki mwaloni kwa miaka mingi, na nimekulia jirani na Gombe, ambako swali hilihili limeulizwa kuhusu sokwe tangu kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nalisema ninaloliona kutoka huku.

Wanaotaka kituo kimoja wana hoja nzito, nayo inaanza na mnyama mwenyewe. Nyangumi wa nundu wanaopita kwetu kuanzia Julai wametoka kula kwenye maji ya baridi ya Antaktika. Wanakuja kwenye maji ya joto kujamiiana na kuzaa, na njia yao inapita Msumbiji, Mtwara, Zanzibar hadi Kenya. Mtu wa Ghuba ya Mnazi, Mtwara, akimpiga picha mmoja, na mtu wa Watamu, Kenya, akampiga huyohuyo baadaye, na picha mbili zisikutane, basi kwenye vitabu tuna nyangumi wawili. Kosa hilo si dogo. Ukiwaona wengi kuliko walivyo, utaridhia nyavu, meli na uchimbaji ambao usingeuridhia kama ungejua ukweli. Ndiyo maana hata ulinzi wenyewe ulibidi uwe wa pamoja: Bahari ya Hindi ilitangazwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979 na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, na uwindaji wa kibiashara ukasimamishwa kuanzia 1986. Nchi moja isingeweza kulinda mnyama anayelala kwa jirani.

Sisi wa ziwani hilo hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Dagaa na mgebuka hawajui mpaka. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilitia saini mkataba wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003, na mamlaka inayousimamia iko Bujumbura. Shughuli za uvuvi zilipositishwa upande wetu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kila aliyekuwa kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga alijua kwamba faida ya kupumzisha ziwa inategemea pia anachofanya mvuvi wa ng'ambo. Na kujua anachofanya kunahitaji takwimu zinazojumlishika.

Hapo ndipo penye kidonda changu. Kuna mwaka tulikuwa na miradi mitatu mwaloni kwa wakati mmoja. Wa kwanza ulitaka uzito kwa kilo. Wa pili ulitaka idadi ya mabeseni. Wa tatu ulitaka mitumbwi mingapi imetoka na mingapi imerudi na samaki. Nilikuwa naandika vitabu vitatu asubuhi hiyohiyo, tochi ya simu mdomoni kwa sababu jua halijatoka, huku akina mama wachuuzi wamenizunguka na ndoo zao wakitaka nimalize wakaanike. Mwisho wa mwaka hakukuwa na safu hata moja kwenye kitabu kimoja iliyoweza kujumlishwa na ya kitabu kingine. Wenye miradi wote watatu waliondoka, na hakuna aliyerudi kutuambia alichokipata. Ukiniuliza siku ile kama nataka fomu moja, ningesaini kabla hujamaliza kuuliza.

Kwa pomboo wa Kizimkazi haraka ni kubwa zaidi, kwa sababu ni wachache. Waliohesabiwa kwa picha za mapezi kusini mwa Unguja hawakufika 200 kwa pomboo wa kawaida wa pale, na wa aina nyingine, pomboo wa nundu, hawakufika 100. Hao wa nundu wako kwenye orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini. Katika kundi dogo hivyo, jike mmoja akinasa kwenye jarife usiku na kufa kwa kukosa pumzi, pengo linaonekana miaka. Lakini mwenye picha ya pezi ni mtafiti, na mwenye habari ya jarife ni mvuvi. Maarifa yao yasipokutana mahali pamoja, mmoja atamtafuta pomboo ambaye mwenzake anajua amekwisha kufa. Na zipo faida za kukutana. Zanzibar vilijaribiwa vifaa vidogo vya kutoa mlio vinavyofungwa kwenye nyavu ili pomboo wazisikie na kuziepuka, na vilipunguza vifo. Jaribio kama hilo haliwezekani bila mvuvi na mtafiti kuandika kitabu kimoja.

Sasa upande wa pili, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wanaoutetea mara nyingi hudhaniwa ni watu wa wivu wanaoficha kazi zao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, meli za Umoja wa Kisovieti ziliwinda nyangumi kusini mwa dunia kwa miongo kadhaa. Ripoti zilikwenda kwenye tume ya kimataifa kama kanuni zilivyotaka: fomu moja, kituo kimoja. Nyangumi wa nundu waliotangazwa hawakufika 3,000. Waliouawa walizidi 48,000. Wanasayansi wa dunia walikuwa wakipanga hesabu zao juu ya tarakimu za uongo, wasielewe kwa nini wanyama wanatoweka. Ukweli ulianza kutoka hadharani mwaka 1993, mwanabaiolojia Alexey Yablokov alipousema waziwazi, na ulithibitishwa kwa sababu baadhi ya wanabaiolojia waliokuwa kwenye meli zile walibaki na nakala zao. Mmoja wao alizificha kwenye stoo yake ya viazi. Mpwa wangu alinyamaza nilipomweleza hivyo, kisha akasema ule ulikuwa udanganyifu wa dola, haufanani na mradi wa pomboo. Ni kweli haufanani. Lakini kilichookoa ukweli kilikuwa kitu kidogo sana, yaani nakala ya pili mikononi mwa aliyekuwepo, na hicho hakijali ukubwa wa mradi.

Mfano wa pili uko hapahapa, safari ya boti kaskazini mwa mji. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960. Mwaka 1975, usiku wa Mei 19, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Zaire, Kongo ya leo, wakawateka vijana wanne wa kituo cha utafiti. Waliachiwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondoka. Kazi haikufa. Iliendelezwa na Watanzania waliokuwa wasaidizi wa porini, watu wa vijiji vyetu hivi. Hilali Matama, mmoja wao, ndiye aliyekuwa amemwona kwa macho yake, Januari 1974, sokwe Godi akishambuliwa na sokwe wa kundi jirani, tukio lililobadilisha mambo ambayo dunia iliamini juu ya wanyama hawa. Waliandika kila siku, nani yuko na nani, wamekula nini, wamelala wapi, na waliandika kwa Kiswahili.

Maandishi hayo baadaye yalikusanywa, yakapelekwa Marekani, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha Duke. Huko yalipangwa, yakatafsiriwa, yakaingizwa kwenye kompyuta. Hapa sitaki kuwa mwepesi wa kulaumu. Karatasi ikikaa kwenye nyumba ya bati kando ya ziwa, mchwa na unyevu hawana subira, na bila mkusanyo ule leo tusingeweza kufuata ukoo wa sokwe mmoja kutoka bibi hadi kitukuu. Hiyo ni faida ya kituo kimoja, na ni kubwa. Lakini kijana wa Mwamgongo anayetaka kusoma alichoandika babu yake, kwa lugha ya babu yake, anaanzia wapi?

Hili ndilo ninaloliogopea pwani. Nahodha wa Kizimkazi anayewajua pomboo wake ataitwa "chanzo cha taarifa". Picha zitapanda kwenye hazina ya mbali, fomu itakuwa ya Kiingereza, na fedha za mradi zikiisha hatabaki na kitu mkononi isipokuwa kofia yenye nembo.

Kuna na jambo la mahali. Kituo kinachopokea taarifa papo hapo kinaweza kuwa ramani ya kuwasumbua wanyama. Kizimkazi boti za watalii huwafuata pomboo, wageni wakarukia maji juu yao, na watafiti waliopima walikuta muda wa pomboo kupumzika unapungua boti zikiwepo. Fikiria kila nukta waliyoonekana asubuhi iwe kwenye simu ya kila mtu saa nne. Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini mwetu, sokwe walipougua mafua ya kifua, sheria zilikazwa: barakoa, umbali wa mita 10, saa moja tu, watu wachache kwa zamu. Aliyeziweka alitambua kwamba kumjua mnyama yuko wapi ni nguvu, na inaweza kumdhuru.

Nikipima yote, naegemea upande wa wanaotaka kukusanya pamoja, kwa sababu nyangumi anayehesabiwa mara mbili ni hatari kuliko mtafiti aliyenyimwa umiliki. Lakini nisingesaini fomu aliyonionyesha mpwa wangu kama ilivyo. Ingekuwa ya Kiswahili kwanza, na tafsiri ifanywe na anayeihitaji. Ingeandikwa kwa nakala mbili, ya juu iende kituoni, ya chini ibaki dikoni kwa katibu wa kikundi, kama sisi tunavyoweka karatasi ya kaboni chini ya risiti. Jina la aliyeona liandikwe pale pale lilipoandikwa jina la aliyepiga picha. Na mahali pa pomboo pasionekane hadharani hadi siku kadhaa zipite. Kituo kiwe Zanzibar, Dar es Salaam au kwingine, hilo halinisumbui sana. Vyama vya kuwaunganisha watafiti wa eneo lote la magharibi mwa Bahari ya Hindi vipo tayari, na makao ya kimoja, WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa eneo hilo, yako hapohapo Zanzibar.

Mpwa wangu alinipinga kwenye jambo moja, na sijapata jibu la kumtosheleza. Aprili 2006, pomboo kwa mamia walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Sababu yake imebishaniwa tangu siku ile. "Siku kama hiyo, mjomba, hakuna muda wa kamati. Mtu mmoja lazima awe na mamlaka ya kusema mzoga huu usiguswe, chukueni kipande hiki, mpigieni fulani." Ana haki. Mzoga kwenye jua la pwani hauvumilii siku mbili, na jirani mwenye njaa anaona nyama. Kwa dharura, kituo kimoja chenye namba moja ya simu hakina mbadala.

Lakini nilimuuliza pia: nani atakuwa amefika wa kwanza? Atakuwa mvuvi, au mtoto aliyekwenda kuokota kombe alfajiri. Kama mtu huyo kwa miaka mingi ameandikiwa fomu asizozielewa na hajawahi kuona matokeo yake, hatapiga ile namba. Na kama katibu wa kikundi halipwi hata nauli ya kufuata habari, daftari lake litakuwa na wiki nne tupu kila mwezi wa mavuno. Fedha za katibu huyo ndizo sijaona zimetajwa katika mpango wowote alionionyesha, wa kituo kimoja wala wa vikundi vingi. Tulibishana hilo hadi chai ikapoa, na kesho yake akapanda treni na nakala ya fomu niliyoisahihisha kwa kalamu nyekundu, safu ya malipo nimeichora mwenyewe pembeni.