Keki ya mafuta ipimwe kwa kipimo chake

Waokaji wa nyumbani huku Kisumu hawakubaliani. Wapo wanaoshikilia kwamba keki isiyo na siagi ya maziwa si keki, na kwamba anayetia mafuta ya kupikia anamlaghai mteja. Wengine huona mafuta yanatosha. Wa kwanza wana hoja, ila naona mafuta yamebebeshwa lawama isiyo yao.

Lawama yenyewe ni kwamba keki ya mafuta hutoka nzito, ikalowesha karatasi hadi chini. Ukiuliza ilivyopimwa, utaambiwa resipe ilitaka siagi gramu 250, basi nikatia mafuta 250. Shida ni hapo. Katika gramu 100 za siagi, mafuta ni kama 80 tu. Maji ni kama 16, na kinachobaki ni chembe za maziwa na pengine chumvi. Mafuta ya kupikia ni mafuta matupu. Aliyetia 250 badala ya 250 amezidisha mafuta kwa gramu 50, na papo hapo amewanyima unga na sukari gramu 40 za maji. Keki hiyo italowa hata ingeokwa na nani. Kipimo chake ni gramu 200 za mafuta, yaani mililita 220 hivi, na vijiko vitatu vikubwa vya maziwa. Wengi wanaoapa kwamba mafuta hayafai hawajawahi kuonja keki iliyopimwa hivyo, na hilo linanisikitisha.

Siagi ina sifa zake. Harufu yake ikiiva haina mpinzani. Tena, ukiipiga na sukari hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo beking pauda huipanua jikoni. Mafuta hayawezi kazi hiyo. Inabidi upige mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito, ndipo umimine mafuta kidogo kidogo. Kwa biskuti sina ubishi: tumia siagi.

Lakini siagi hupigika vizuri ikiwa na nyuzi 18 hadi 20. Mchana wa Kisumu hufika 29 au 30, na siagi huyeyuka kati ya 32 na 35. Mama anayeoka kwa sufuria iliyotiwa mchanga juu ya jiko la makaa, hana friji, anapiga siagi iliyokwisha kulegea. Bakuli linang'aa, hewa haingii, keki inabonyea katikati. Huyo mafuta yanamfaa kuliko siagi, na si kwa sababu ya umaskini. Nakuru nako, mji ulio juu ya mita 1,800, baridi ya asubuhi huigandisha siagi iliyo ndani ya keki ya jana ikawa kavu mdomoni. Ya mafuta hubaki laini.

Bei nayo kila mtu anaijua: mafuta ya kupima hupatikana Nyalenda au Manyatta, mitaa ya hapa Kisumu, kwa sarafu chache, siagi haiuzwi hivyo. Mteja aambiwe tu anachonunua.

Nisichokubali ni kuwauzia watu mafuta kwa jina la afya. Mafuta mengi tunayopikia hutokana na mawese, na karibu nusu ya mawese ni mafuta yale yale mazito ambayo siagi inalaumiwa kwayo. Majarini yasomwe kibandiko kwanza: ya kupaka mkate yenye mafuta kidogo yana maji mengi mno kwa keki, na yaliyotajwa kuwa na mafuta yaliyogandishwa kiasi kwa hidrojeni ni ya kuachwa dukani. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limezitaka nchi ziyaondoe.

Anayekosa harufu ya siagi ajaribu samli ya kienyeji, ambayo Magharibi mwa Kenya haijatoweka. Vijiko viwili vishike nafasi ya vijiko viwili vya mafuta, si zaidi, maana samli iliyokaa hufunika vanila kabisa.